Alikungoja

Rispa alizikwa kwao Mautuma, Jumamosi moja ambayo mahindi yalikuwa yamefika kifuani na njia zote zilikuwa matope. Mpwa wake ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Aliusoma kwa Kiingereza, kwa sababu siku hizi hata kifo kinaonekana hakijakamilika bila Kiingereza, na kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho alimwita shangazi yake "he". "He was a loving mother," alisema kwenye kipaza sauti, na chini ya hema watu wa rika langu wakainamisha vichwa kuficha meno. Mimi sikucheka. Nilijua kosa lile lilikotoka. Kwetu mtu ni yeye, awe baba au mama, awe mchungaji au mke wa mchungaji, na hakuna lugha yoyote tuliyonyonya na maziwa iliyowahi kutuuliza zaidi ya hapo. Nilikuwa natafuta kitambaa mkobani nifute macho niliposikia sauti nyuma yangu ikisema polepole, "Hata leo. Hata leo Rispa ni mwanaume."

Niligeuka. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, buibui jeusi, miwani, na kile kipengo kati ya meno ya mbele ambacho ningekitambua hata gizani. "Masalkheri, Truphena," akasema. Zaituni. Sikuwa nimemwona tangu mwaka ule tulipokuwa wasichana Kakamega, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba kinyongo chake, kidogo lakini hai, kama jiwe katika kiatu ambacho mtu hataki kukivua mbele za watu. Aliondoka bila kuniaga. Hilo ndilo nililojua. Aliondoka, akaolewa, na hakunitumia hata salamu.

Baada ya mazishi tulikalishwa pamoja nyuma ya nyumba na kupewa obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku. Kuku walikuwa wamechinjwa na Mwislamu wa pale sokoni, kama desturi ilivyo huku kwetu, ili mgeni yeyote ale bila kuuliza. Tulizungumza habari za Rispa, za magoti yetu, za watoto. Halafu, bila kubadilisha sauti, huku akilitia tonge kwenye mchuzi, Zaituni akasema, "Mimi sikukasirika kwamba ulikataa. Nyumba ilikuwa yenu. Nilikasirika kwamba uliniambia ningoje."

"Nilikuambia ungoje lini?"

"Siku ile ya maktaba."

"Siku gani ya maktaba, Zaituni?"

Akalirudisha tonge kwenye sahani. Alinitazama kama mtu anayejaribu kuona kama anadanganywa. "Rispa alinikuta pale na begi lake. Akaniambia, Truphena amesema ungoje. Nikangoja mpaka mlinzi akafunga mlango."

Nimeandika vitabu, na watu huniuliza hadithi zangu huanzia wapi. Huwa nawajibu chochote kinachonijia. Lakini pale nyuma ya nyumba ya Rispa, mafuta ya kuku yakigandia vidoleni, nilielewa kwamba sentensi kubwa kuliko zote katika maisha yangu sikuiandika mimi. Ilisemwa na Rispa, kwa Kiingereza, mlangoni mwa chumba chetu, na mimi niliipigia makofi.

Chumba kilikuwa Amalemba, kimoja katika safu ya vyumba vya mabati vilivyotazamana. Mimi na Rispa tulikipanga pamoja mwaka ule wa katikati ya miaka ya tisini, tulipokuja mjini kusomea upigaji chapa. Pazia la maua lilikigawanya: upande huu kitanda chetu, upande ule stovu ya mafuta ya taa, ndoo mbili, na meza yenye mguu mmoja uliofungwa kamba. Mvua ya Kakamega haibishi hodi. Kila alasiri ilishuka juu ya yale mabati kwa kishindo hata tukawa tunaongea kwa mikono. Zaituni hakulala pale. Alikaa kwa mama yake mdogo, nyuma ya msikiti, lakini jioni zote zilikuwa zetu. Alikuja na daftari kwapani na kitu kilichofungwa kwenye karatasi, mahamri au kachiri, akasimama mlangoni na kutoa salamu yake ndefu ya kwao Matungu, upande wa Mumias, mpaka Rispa akaanza kuitikia "Alaykum salaam" kabla hajaulizwa, naye ni mtoto wa mwinjilisti. Vidole vya Zaituni juu ya mashine ya chapa vilikuwa kama mvua ile ile juu ya mabati. Alitaka kuwa mpiga chapa wa mahakamani. Alisema anataka kukaa mahali ambapo watu wanasema maneno na yeye anayazuia yasikimbie.

Kilichotutisha sote watatu kilikuwa mtihani wa Kiingereza. Bila kuupita huo, kasi ya vidole haikuwa na maana. Kwa hiyo jioni mbili kwa wiki tulikwenda kwenye ukumbi wa kanisa ambako Mwalimu Khaoya, mzee aliyestaafu, mwembamba, mwenye koti lililopauka mabegani, alifundisha yeyote aliyetaka. Nikifumba macho naliona ubao wake. Aliugawa sehemu tatu kwa chaki: hapa nani, hapa alifanya nini, na hapa, katika nafasi nyembamba ukingoni, lile alilokuwa akiliita neno dogo. Jioni moja alikuja na muwa. Aliusimamisha juu ya meza. "Alininunulia," akasema. "Hilo ni neno moja la Kiswahili. Ni muwa mzima. Mle ndani kuna watu wangapi?"

"Wawili, Mwalimu!"

"Aliyenunua na nani?"

"Aliyenunuliwa!"

"Aliyenunuliwa ni ng'ombe, wewe. Aliyenunuliwa kitu!" Ukumbi ukacheka. Akachukua panga na kuanza kuukata muwa pingili kwa pingili. "Mwingereza hauzi muwa mzima. Yeye anauza vipande. She. Bought. It. For. Me. Ukidondosha kimoja, mteja anarudi kugomba. Sasa niambieni, hii for, katika Kiswahili ilikuwa imejificha wapi?"

Zaituni akajibu bila kuinua mkono: "Tumboni, Mwalimu. Nunua, nunulia. Imemezwa."

Mwalimu Khaoya alimtazama kwa furaha iliyokaribia huzuni. "Msichana wa Matungu," akasema, "wewe unakijua Kiswahili kuliko mimi ninavyokijua Kiingereza." Akampa pingili ya chini, yenye sukari nyingi.

Shida ya Rispa ilikuwa kubwa zaidi. Yeye aliangusha vipande vyote. Kwa kuwa Kiswahili kinasema nilikungoja bila kuhitaji kitu tumboni, yeye alisema "I waited you", na hakuna fimbo wala maombi yaliyoweza kumpachikia ile for. Na kwake dunia nzima ilikuwa "he". Siku aliposimama kueleza habari za mama yake, "My mother, he cooks very well," darasa lilianguka. Alirudi kwenye benchi machozi yakimlenga. "Walinicheka," alituambia njiani. Mimi, mjuzi wa chumba, nikamwambia hiyo ni sentensi nzuri ya mazoezi: they laughed, halafu neno dogo ni lipi, at au with? Rispa alisimama katikati ya barabara ya matope. "Na wewe ulicheka na gani?" akaniuliza. Zaituni ndiye aliyemshika mkono. "Sasa mtu nikishamwona," Rispa aliendelea kulalamika, "nikiwa namjua, hiyo ya mwanamke ama mwanaume ni ya kuambiana ya nini? Si anajulikananga tu?" Leo naona lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa katika darasa lile.

Sheria ya Kiingereza niliitunga mimi. Mtihani ukiwa unakaribia, nilitangaza kwamba ndani ya chumba chetu hakutasemwa neno la Kiswahili wala la Kiluhya. Atakayeteleza atachukua ndoo na kwenda kuteka maji bombani, mwisho kabisa wa safu. Rispa aliteka maji mengi mwaka ule. Tulikuwa tukimsikia akirudi, ndoo ikimwagika, akijisemea chini kwa chini, "Waited for, waited for, waited for." Lakini sheria ilifanya kazi. Mwezi wa mwisho alikuwa amenyooka. Kwa wiki nzima, kisha ya pili, hakuna mama aliyegeuka baba mdomoni mwake, na mimi nilijivuna kana kwamba nimeotesha mti.

Wakati huo Zaituni hakuwa nasi tena. Mama yake mdogo alihamia Eldoret kumfuata mumewe, na kwa kuwa msichana wa Kiislamu hakuweza kuachwa mjini bila mtu wa kumwangalia, alirudishwa Matungu. Aliondoka akisema atarudi kabla ya mtihani, inshallah, atatafuta njia. Nilimwamini. Nilimwekea nakala za mazoezi chini ya godoro.

Na wakati huo huo kulikuwa na Obadia. Sina mengi ya kusema juu ya Obadia ila kwamba alikuwa karani, alikuwa na viatu vilivyong'aa hata wakati wa mvua, na alikuwa ameniomba jibu ambalo sikutaka kumpa. Hakuwa mtu mbaya. Aliningoja tu. Aliningoja langoni mwa chuo, aliningoja nje ya kanisa, na Jumamosi alishinda maktaba ya mjini akisoma magazeti, akijua kwamba mimi nami ningepita. Zamani, Zaituni alipokuwepo, alikuwa akinificha nyuma ya pazia na kwenda mlangoni mwenyewe. "Kaka Obadia, Truphena hayupo, na hata akiwepo hayupo." Tulicheka mpaka tukauma mto.

Basi ilikuwa Jumamosi. Nilitoka sokoni na fungu la mrenda, nikamkuta Rispa anafunga begi. Kwao walikuwa wanavuna na alitakiwa nyumbani kwa siku chache. Mvua ilikuwa imekatika sasa hivi, mabati yanatoa moshi. Aliponiona alisimama wima katikati ya chumba, mikono kando, kama anayesimama mbele ya ubao, akavuta pumzi.

"He waited for you," akasema.

Nilitupa mboga mezani. "Say it again!"

"He waited for you!"

"Rispa! Umeweka for! Umeiweka mwenyewe!" Nikampigia makofi, nikamkumbatia, naye akajitoa mikononi mwangu akiruka na kunielekezea kidole. "Water! You speak Swahili! Water, madam!" Tulicheka sana. Nakumbuka alivyokuwa na meno meupe, na alivyokuwa mrefu ghafla. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza nishikwe na sheria yangu mwenyewe. Nikachukua ndoo.

"Where is he now?" nikauliza kutoka mlangoni.

"He went to library."

"To the library."

"To the library," akarudia kwa utii, halafu, "I tell him what?"

Nilikuwa nafikiria viatu vinavyong'aa. "Let him wait," nikasema. "Tell him. Let him wait." Rispa alinitazama kidogo, akabeba begi lake, akaenda zake. Mimi nikaenda bombani, nikiimba.

Zaituni alinieleza yaliyobaki pale Mautuma, sahani zetu zikipoa. Mjomba wake alikuwa amempa siku moja ile. Walikuja naye mjini pamoja. Nyumbani watu walikuwa wameleta posa, watu wa heshima, na baba yake alikuwa tayari, lakini mjomba alimhurumia. Akasema: kama huyo rafiki yako ana chumba cha wasichana watupu, na kama atanitamkia kwa kinywa chake kwamba atakaa nawe mpaka umalize mtihani, nitazungumza na baba yako. Mjomba akakaa kwenye duka la rafiki yake, karibu na msikiti, na Zaituni akaja kunichukua. Hakunikuta. Alimwachia Rispa ujumbe kwamba ananingoja, akaenda kukaa maktaba, mahali petu pa zamani, kwa kuwa mvua ilikuwa inataka kurudi.

"Rispa alipokuja nilimsikia kabla sijamwona, anavyopenda kuburuta viatu. Akasema, Amesema ungoje. Nikafurahi! Wallahi, Truphena, nilifurahi. Nikajua unapika kwanza, au unabadilisha nguo ili mjomba akuone vizuri. Nikangoja. Walipofunga nikakaa pale nje kwenye benchi. Mlinzi akaniuliza, 'Unangoja nani, dada?' Nikamwambia, rafiki yangu, amesema ningoje. Halafu mjomba akaja mwenyewe, akanitazama tu. Hakuniuliza kitu."

"Kwa nini hukurudi chumbani? Ni karibu!"

"Ningerudi vipi? Mtu amekuambia ungoje, halafu haji. Hilo si jibu?"

Ndiyo. Kwa Kiswahili, kwa Kiluhya, kwa lugha yoyote ya watu wenye adabu, hilo ni jibu.

Tangu siku ile ya mazishi nimeikata sentensi ya Rispa pingili kwa pingili, kama Mwalimu Khaoya, na kila kipande nimekionja. He: si kweli. Waited: nusu kweli, maana hilo ni neno la jambo lililokwisha, na Zaituni ndiyo kwanza alikuwa anaanza kungoja. You: mimi. Na for, lile neno dogo la ukingoni, lililomtoa Rispa jasho mwaka mzima, ndilo pekee alilolipata barabara, na ndilo pekee nililolisikia. Lau angesema kwa lugha yetu, angesema, "Kuna mtu alikungoja." Ningeuliza, "Nani?" Ningeuliza bila hata kufikiri, kwa sababu yeye wetu haonyeshi uso mpaka aulizwe. Lakini Kiingereza kilinijibu kabla sijauliza. Kilinipa mwanaume, na mwanaume niliyekuwa naye kichwani alikuwa mmoja tu.

Na Rispa? Rispa alirudi baada ya mavuno na mfuko wa mahindi, akaniuliza, "You met?" Nikasema sikwenda. Akanitazama tena vile vile, kwa muda mrefu, halafu akaenda kuwasha stovu. Nilidhani ananilaumu kwa ajili ya Obadia. Sasa najua aliamini tumegombana mimi na Zaituni, na kwamba heshima ni kunyamaza. Baadaye nilimuuliza Obadia kama alikasirika Jumamosi ile. "Jumamosi gani?" akasema, na mimi nikaona ni majivuno. Kila mtu aliniambia ukweli. Hakuna aliyenisaidia.

Mtihani ulipita. Mimi nilifaulu, Rispa akafaulu kwa shida, na kiti cha Zaituni kilikaa wazi, mashine yake imefunikwa. Mwalimu Khaoya aliniuliza, "Yule wa Matungu yuko wapi?" Nikamwambia nasikia ameolewa. Akafuta ubao polepole, hata pale ambapo hapakuwa na kitu. Nakala nilizomwekea chini ya godoro nilizitumia kuwashia jiko, kwa hasira. Nilisema: rafiki gani huyu, hata kwaheri? Rispa alihamia Lumakanda, akawa mpiga chapa wa ofisi moja huko kwa miaka mingi. Tulikutana mara kadhaa, tukanywa chai, na sote wawili tulilizunguka jina la Zaituni kama watu wanaozunguka shimo, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyelichimba.

"Uliishije?" nilimuuliza Zaituni, na lilikuwa swali la kijinga.

"Vizuri. Mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Tuna duka. Wanangu wamesoma." Alitazama vidole vyake, vinene sasa, vyenye hina iliyofifia. Akavigongesha mara chache juu ya goti, haraka, vyote kumi. "Hivi havikusahau," akasema. "Kuna saa nikiwa dukani, watu wanaongea, najikuta nawapiga chapa."

Nilimwambia yote. Nilimwambia habari za he, na makofi, na ndoo. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, na nilipomaliza nilidhani analia, kumbe mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, kisha ni kweli akawa analia, na sikuweza kusema ni wapi kimoja kiliishia. "Rispa jamani," alisema. "Rispa wangu. Alinigeuza mwanaume, na bado nikaozwa mume." Akajifuta macho kwa pembe ya buibui, nami nikazikusanya sahani.

Mwanawe alikuja kumchukua jua likiinama. Alipokuwa ameshaketi kwenye gari alishusha kioo. "Njoo Matungu, Truphena. Na ukinikosa nyumbani, nakuomba, niulizie kwa Kiswahili." Kipengo kikaonekana. Gari likaondoka, likiteleza kwenye matope, likapotea kati ya mahindi.

Nilirudi kwenye kaburi. Hema lilikuwa linafunguliwa, na yule mpwa alikuwa anakusanya karatasi zake za wasifu zilizolowa, akiwa na wasiwasi, kama aliyesikia minong'ono. Akaniuliza, "Mama, nimesoma vibaya?" Nikamwambia hapana, amesoma kama shangazi yake. Alipoondoka niliinama karibu na udongo mbichi na kusema kwa sauti ndogo, vile vile kama alivyoisema yeye siku ile, mikono kando, na vipande vyote mahali pake, "He waited for me, Rispa." Sikusahihisha kitu. Nyuma ya nyumba, wanawake waliokuwa wanaosha vyombo waliitisha maji, nami nikaenda nikachukua ndoo.